Bajeti ya Manispaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mtwara na Lindi

Bajeti ya Serikali inaposomwa bungeni mwezi Juni, ndipo wengi wetu huku kusini tunapokumbuka kuuliza mtaa wetu umetengewa nini. Kwa wakati huo swali limeshachelewa miezi sita au zaidi. Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa kawaida wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na ya Lindi: mama lishe wa sokoni, mvuvi wa Feri, mwalimu, kijana wa bodaboda, mstaafu, na mwenyekiti wa mtaa anayehudhuria kikao cha kata kwa mara ya kwanza. Pale ambapo watu wengi wanakwama tumejibu kwa kirefu.

Mwaka wa bajeti unaanza lini?

Unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Ndiyo maana mwaka wa fedha huandikwa kwa namba mbili, kama 2025/26.

Kwa nini kila nikiuliza naambiwa nimechelewa?

Kwa sababu kupanga kunaanza miezi mingi kabla ya fedha kutoka. Kuanzia Oktoba hivi, mitaa inatakiwa kukaa na wakazi wake na kuibua vipaumbele, kwa utaratibu unaojulikana kama fursa na vikwazo kwa maendeleo. Yanayokubaliwa hapo yanapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Mwishoni mwa mwaka Wizara ya Fedha inatoa Mwongozo wa Maandalizi ya Mpango na Bajeti, na hapo wataalamu wa Manispaa wanaanza kuoanisha maombi ya kata zote na kiasi cha fedha kinachotarajiwa. Rasimu inapita kwenye kamati za kudumu za madiwani, ikiwemo Kamati ya Fedha na Uongozi, kisha Baraza la Madiwani linaijadili na kuipitisha, kwa kawaida kati ya Januari na Februari. Ikitoka barazani inapitia Kamati ya Ushauri ya Wilaya na ya Mkoa, inachambuliwa na Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI na Hazina, na kuanzia Aprili iko bungeni. Kwenye vitabu vya bajeti, halmashauri za Mkoa wa Mtwara ziko chini ya Fungu 80, na za Mkoa wa Lindi chini ya Fungu 76.

Katika safari yote hiyo, kikao ambacho wewe mwenyewe unanyoosha mkono na kusema ni kimoja tu: mkutano wa mtaa wa miezi ile ya mwisho wa mwaka. Vingine vyote vinakaliwa na wawakilishi na wataalamu.

Na hapa kuna jambo linalotuumiza sisi wa kusini kuliko watu wa mikoa mingine. Oktoba, Novemba na Desemba ni msimu wa korosho. Nusu ya mtaa iko shamba, inaokota, inaanika, inasubiri mnada. Mkutano unaitishwa, wanakuja watu wachache, mahudhurio yanaandikwa, na vipaumbele vya mtaa mzima vinapangwa na wale waliokuwepo. Tunawaomba wenyeviti wa mitaa waliangalie hili kwa uzito: mkutano wa vipaumbele ukifanyika Agosti au mwanzoni mwa Septemba, muhtasari wake utakuwa tayari kata itakapouhitaji, na waliohudhuria watakuwa wakazi wenyewe.

Anayeamua hasa ni nani? Mkurugenzi, Meya, diwani au Dodoma?

Kila mmoja ana sehemu yake. Ibara ya 145 na 146 za Katiba zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inalipa baraza mamlaka ya kupitisha bajeti ya halmashauri. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake na ndiye anayeongoza baraza. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Yeye ndiye afisa masuuli, maana yake akiulizwa fedha imekwenda wapi, hana wa kumsukumia.

Lakini uhuru wa baraza una mipaka. Mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine wengi inatoka Hazina ikiwa imeshapangwa. Ruzuku za miradi zinakuja zikiwa na masharti yake. Sehemu ambayo madiwani wanaweza kweli kubishana na kuigeuza ni mapato ya ndani, yaani fedha ambazo Manispaa inazikusanya yenyewe. Kwa hiyo unapomlaumu diwani, muulize kwanza kuhusu fedha hizo.

Ukomo wa bajeti maana yake nini?

Ni kiwango cha juu ambacho halmashauri inaambiwa ipange ndani yake, kwa mishahara, matumizi mengineyo na maendeleo. Kata zinaweza kuleta maombi ya mabilioni, lakini ukomo ukishuka, maombi yanakatwa. Ombi lisilo na maelezo ndilo linalokatwa la kwanza.

Fedha za Manispaa zinatoka wapi?

Sehemu kubwa, kama ilivyo kwa halmashauri nyingi za nchi hii, inatoka Serikali Kuu. Kuna fedha za wafadhili na mikopo ya miradi, ambazo nyingi hupitia Serikali Kuu hiyo hiyo. Halafu kuna mapato ya ndani: leseni za biashara, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni na wafanyabiashara, ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa nyumba za kulala wageni, ushuru wa samaki, ada za machinjio, vibali vya ujenzi, uzoaji taka, kodi ya vibanda na majengo ya halmashauri, na mauzo ya viwanja pale vinapopimwa. Tozo nyingi kati ya hizi zinasimama juu ya sheria ndogo zilizopitishwa na baraza na kuridhiwa na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Ukiambiwa ulipe tozo usiyoielewa, una haki ya kuuliza inatozwa kwa sheria gani.

Ukilipa, dai risiti ya mashine ya POS au lipa kwa namba ya malipo ya Serikali. Fedha isiyo na risiti haimo kwenye hesabu, na ambayo haimo kwenye hesabu haijengi choo cha soko.

Korosho zinapita bandarini kwetu. Ushuru wake uko wapi?

Swali hili linaulizwa karibu kila mkutano wa Mtwara mjini, na jibu lake watu wengi hawalipendi. Ushuru wa mazao hauendi mahali zao linapopakiwa melini. Unakwenda halmashauri zao lilikotoka. Kwa korosho ni asilimia 3 ya bei, na anayelipa ni mnunuzi. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, halmashauri inapata shilingi 90. Tani moja inaleta shilingi 90,000. Ndiyo maana Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyamba na Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara zinautazama mnada wa vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU kwa jicho la bajeti kabisa, na kwa upande wa Lindi ni hivyo hivyo kwa maeneo yanayouza kupitia RUNALI na Lindi Mwambao. Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina mashamba yake pia, Naliendele na maeneo ya pembezoni, lakini huwezi kuyalinganisha na Tandahimba.

Mji unanufaika kwa njia nyingine: ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni ya maghala na usafirishaji, leseni, nyumba za wageni zinazojaa, mama lishe wanaouza chakula kwa madereva wa malori. Faida hiyo ni ya kweli, ila inaingia kidogo kidogo na inahitaji kukusanywa kwa bidii.

Usichanganye na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi. Huo ni wa Serikali Kuu. Ndio uliozua mjadala mkali bungeni Juni 2018, wabunge wa kusini walipopinga kuondolewa kwa mgao wa asilimia 65 uliokuwa unarudi kwenye tasnia ya korosho.

Somo kubwa kuliko yote tulilipata msimu wa 2018/19. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanunuzi binafsi wakakaa pembeni. Halmashauri zilizokuwa zimejenga bajeti zao juu ya asilimia 3 ya wanunuzi hao zilitikisika. Tangu hapo, diwani yeyote wa kusini anayepitisha bajeti inayotegemea zao moja bila kuuliza msimu ukiharibika itakuwaje, hajaitendea haki kata yake.

Na gesi je?

Kanuni ni ile ile ya eneo. Kisima cha gesi cha Mnazi Bay kiko Msimbati na mtambo wa kuchakata uko Madimba, na kote huko ni Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, siyo Manispaa. Songo Songo iko Kilwa. Lindi mjini, eneo la Likong'o ndilo lililotengwa kwa ajili ya mtambo mkubwa wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Mradi huo ukijengwa utabadili mapato ya Manispaa ya Lindi. Lakini kabla haujajengwa usiingizwe kwenye makisio ya mapato, hata kwa shilingi moja. Mtwara tumeshaona, miaka ile ya matumaini ya gesi, jinsi watu walivyojenga nyumba za wageni kwa kutegemea wageni ambao hawakuja kwa wingi uliotarajiwa.

Kodi ya jengo ninayokatwa kwenye LUKU inakwenda Manispaa?

Siyo moja kwa moja. Zamani halmashauri zilikusanya zenyewe. Baadaye kazi hiyo ikahamishiwa TRA, na tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa shilingi 1,500. Inaingia Serikali Kuu kwanza, kisha sehemu yake hurejeshwa halmashauri.

Naomba mfano wa hesabu, maana mabilioni yanasikika makubwa.

Tuchukue halmashauri ya kufikirika yenye kata 18, inayokusanya mapato ya ndani ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka. Kwanza tunatoa mapato lindwa, yaani fedha zinazotakiwa kurudi kwenye huduma iliyozizalisha, kwa mfano malipo ya wagonjwa ambayo yanabaki kwenye vituo vya afya. Tuseme ni bilioni 1. Zinabaki bilioni 4.

Asilimia 10 ya hizo, milioni 400, ni mikopo ya vikundi. Mwongozo wa bajeti pia unaitaka halmashauri ipeleke sehemu maalumu ya mapato yasiyolindwa kwenye maendeleo, na sehemu hiyo inategemea uwezo wake wa kukusanya. Tuseme halmashauri yetu inatakiwa kutenga asilimia 40. Ni bilioni 1.6. Zigawanye kwa kata 18 bila upendeleo: kila kata inapata kama milioni 89. Sasa kumbuka madarasa ya mradi wa UVIKO-19 mwaka 2021 yalitengewa shilingi milioni 20 kwa darasa moja, na bei za saruji na nondo hazijashuka tangu wakati huo. Kata yako imepata madarasa manne, na mwaka umekwisha. Zahanati, vyoo, mfereji wa maji ya mvua, ukuta wa soko, vyote vinasubiri.

Zinazobaki nje ya maendeleo zinaendesha ofisi: mafuta ya magari, gari la taka, vikao, umeme, walinzi, watumishi wa mikataba. Kipo pia kiwango cha kisera cha lishe, angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, ambacho halmashauri inatakiwa kukitenga. Hili la lishe tunaomba mama zetu walishike: mwaka ukienda vibaya, hukatwa mapema kwa sababu hakuna jengo la kuonyesha. Muulize diwani zimetengwa kiasi gani, na zimetoka kiasi gani.

Halmashauri nyingi hazigawi sawa kwa kila kata. Zinachagua kata chache na kumaliza kitu kimoja. Sisi tunaona hiyo ni busara, mradi orodha ya zamu ijulikane na kata inayosubiri iambiwe inasubiri mwaka gani.

Barabara ya mtaa wetu ni mashimo matupu. Kwa nini Manispaa haiitengenezi?

Kwa sababu tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yenye bajeti yake. Fedha zake zinatoka Mfuko wa Barabara, Serikali Kuu, na tangu Julai 2021 kuna shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili yake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Ile ya Lindi kwenda Dar es Salaam iliyokatika maeneo ya Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, ni ya TANROADS.

Hii haina maana kwamba diwani amefungwa mdomo. Meneja wa TARURA wa wilaya anapeleka mpango wake kwa madiwani, na hapo ndipo barabara ya mtaa wako inapoweza kutajwa. Peleka ombi lako kwa jina la barabara, urefu wake kwa makisio, mahali inapoanzia na inapoishia, na madhara yake: shule inayofikiwa kwa kupita majini, gari la wagonjwa lisilofika. Kusema "barabara zetu mbovu" hakumsaidii mtu anayejaza mfumo wa bajeti.

Maji, Ligula, Hospitali ya Kanda?

Maji ya Mtwara mjini ni MTUWASA, ya Lindi mjini ni LUWASA. Wana bajeti zao chini ya Wizara ya Maji. Hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ziko Wizara ya Afya, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Zahanati na vituo vya afya, kama cha Likombe, ndivyo vya Manispaa.

Mikopo ya asilimia 10 ipo au imefutwa?

Ipo. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Kwa halmashauri yetu ya kufikirika ni milioni 160, milioni 160 na milioni 80. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji baada ya ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha vikundi hewa na marejesho mabovu, na ikarudishwa kuanzia Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 nchini ziliteuliwa kuijaribu kupitia benki, na Mji wa Newala ni mmoja wao. Kwingine ombi linapitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Marejesho ya kikundi kilichotangulia ndiyo yanayokopesha kinachofuata. Kikundi kisichorejesha kinamnyima jirani yake.

Wananchi tumejenga boma la darasa hadi kwenye lenta. Lini Manispaa itaezeka?

Hakikisha mambo mawili. La kwanza, boma limo kwenye orodha ya maboma ya kata, na mhandisi wa Manispaa amelikagua. Mengine yanakwama kwa sababu yalianza bila ramani, na fundi wa Serikali hawezi kuweka paa juu ya kuta asizoziamini. La pili, ukamilishaji wake uingizwe kwenye bajeti kwa jina la shule na mtaa, siyo ndani ya fungu la jumla la "ukamilishaji wa maboma", kwa sababu fungu la jumla linaweza kuelekezwa popote.

Nguvu za wananchi zinahesabika. Andikeni thamani yake: mawe, mchanga, siku za kazi, fedha zilizochangwa. Ombi lenye mchango ulioandikwa lina uzito mezani.

Nikienda kwenye mkutano wa mtaa niseme nini ili nisikilizwe?

Nenda na jambo moja. Mtaa unaotoka na vipaumbele kumi na tano umetoka bila kipaumbele, kwa sababu mpangaji atachagua mwenyewe kilicho rahisi. Zungumzeni kabla ya mkutano, barazani, msikitini na kanisani, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mpate mambo mawili au matatu mnayokubaliana.

Kisha mjue jambo lenu ni la mfuko gani, kwa maelezo yaliyo hapo juu. Mtaa unaopeleka maji, barabara na umeme kama vipaumbele vyake vitatu vya mapato ya ndani umepoteza nafasi yake yote, kwa sababu hakuna hata kimoja ambacho Manispaa inakijenga kwa fedha hizo. Andikeni hayo kwa mamlaka husika kwa barua, na nafasi ya Manispaa mwachieni choo cha shule, chumba cha kujifungulia, taa za sokoni, mfereji.

Hakikisha muhtasari umesomwa na kusainiwa kabla watu hawajaondoka. Omba mtendaji wa mtaa akuruhusu upige picha ya ukurasa wa maazimio. Mwezi unaofuata muulize mwenyekiti wako: kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata jambo letu limekuwa la ngapi?

Kina mama wengi wa mitaa yetu wanahudhuria bila kusema. Mwenyekiti mwenye busara anawaomba wao waanze kuzungumza.

Mradi ulipitishwa, mwaka umekwisha, hakuna hata tofali. Imekuwaje?

Bajeti iliyopitishwa ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe ni jambo jingine. Kama mradi ni wa mapato ya ndani, sababu ya kawaida ni kwamba makusanyo hayakufikia lengo. Pengine lengo lenyewe lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo, likawekwa hivyo ili kila kata ionekane imepata. Hili tunalisema wazi kwa sababu linawavunja watu moyo: makisio ya mapato yanayozidi sana makusanyo ya mwaka uliopita, bila chanzo kipya kinachoonekana, ni ahadi isiyo na fedha. Diwani anapaswa kuikataa mezani, hata kama kata yake imo.

Kama ni ruzuku, pengine Hazina imechelewa kutoa, au imetoa robo ya mwisho na manunuzi hayakukamilika kabla ya 30 Juni. Ruzuku isiyotumika hadi tarehe hiyo inaweza kurudi Hazina isipoombewa kibali cha kuendelea nayo. Ipo pia njia ya tatu: uhamisho wa fedha kutoka kasma (kifungu cha bajeti) moja kwenda nyingine katikati ya mwaka. Ni halali ukipata vibali, lakini ukifanyika kimya kimya mtaa hubaki unasubiri mradi ambao fedha zake zilishajenga kitu kingine.

Kwa hiyo usiulize tu "mmetutengea kiasi gani?" Uliza vitu vitatu kwa pamoja: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika. Taarifa za utekelezaji zinaandaliwa kila robo mwaka na zinajadiliwa kwenye vikao vya baraza, na vikao hivyo viko wazi kwa wananchi. Nenda ukakae uzisikilize. Kiti cha msikilizaji kwenye ukumbi wa baraza mara nyingi kiko wazi, na madiwani wanajadili kwa makini zaidi wanapoona wapiga kura wao wamekaa nyuma.

Mradi wa TACTIC ni bajeti ya Manispaa?

Ni mradi wa Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unaogusa miji 45 nchini, kwa ajili ya barabara, mifereji, masoko na stendi. Kabla yake Mtwara ilikuwa kwenye mradi wa miji ya kimkakati, na Lindi kwenye ule wa kuimarisha mamlaka za miji. Ujenzi haulipwi kwa mapato ya ndani, ila matunzo yake yanalipwa hivyo. Stendi au soko linapokabidhiwa, usafi, umeme na ukarabati vinahamia kwenye bajeti ya Manispaa, na ni vizuri baraza lijue gharama hizo kabla ya utepe kukatwa.

Mfuko wa Jimbo je?

Huo una sheria yake ya 2009, na kamati yake inaongozwa na mbunge. Ni mdogo. Unafaa kwa kazi ndogo zinazokwama kwa kukosa mabati au mifuko ya saruji.

Nani anakagua?

Mkaguzi wa ndani wa halmashauri, kisha CAG, ambaye huwasilisha ripoti kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi, na ripoti hufikishwa bungeni mwezi Aprili. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi. Ripoti za CAG ziko wazi mtandaoni. Tafuta jina la halmashauri yako, na usiishie kwenye hati ya ukaguzi. Hati inayoridhisha maana yake vitabu vimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba zahanati imejengwa vizuri.

Nikitaka takwimu za mtaa au kata yangu, nizipateje?

Anza kwa mtendaji wa mtaa na ubao wa matangazo. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa, na fedha za shule zinatakiwa kuonekana shuleni. Ukikosa, andika barua kwa Mkurugenzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 za kukujibu.

Barua iwe fupi. Taja mwaka wa fedha, jina la mradi, kata na mtaa, na uombe vile vitatu: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika hadi tarehe unayoandika. Usiweke malalamiko ndani yake, maana barua yenye lawama hujibiwa kwa utetezi na namba hazipatikani. Andika nakala mbili. Moja ipeleke masjala, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uondoke nayo.